Unga uliokuwa ukila ruzuku: kisa cha mhasibu aliyejitolea Iringa

Ombi lilikuwa la andiko. Shirika dogo la lishe la hapa Iringa mjini, ambalo silitaji jina kwa makubaliano na wenyewe, lilipoteza mfadhili wake mkuu mwanzoni mwa 2025. Mkurugenzi wake akaanza kutafuta mtu wa kumwandikia andiko la kuombea fedha kwingine. Alitaka mtu anayekijua Kiingereza cha wafadhili na anayeweza kupanga bajeti isiyorudishwa. Mimi huwa naunganisha mashirika na watu wenye taaluma wanaotaka kujitolea, na niliyempata alikuwa mhasibu, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu, aliyeajiriwa na kampuni binafsi mjini na aliyekuwa tayari kutoa Jumamosi zake bila malipo.

Andiko hilo lilikuja kuandikwa miezi mitano baadaye. Katikati palifanyika kazi ambayo hakuna aliyeiomba, na ndiyo ninayotaka kuieleza kwa urefu. Wahasibu, watu wa mauzo, wa manunuzi na wa benki huku Nyanda za Juu Kusini wananiuliza waanzie wapi wakitaka kusaidia mashirika, na mashirika nayo yananiuliza yaombe nini. Hesabu nilizoweka hapa nimezifanya za namba kamili ili zifuatike kwa urahisi.

Shirika na unga wake

Iringa inalima mahindi yanayolisha mikoa mingine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta watoto takriban 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani hapa wamedumaa. Njombe na Rukwa zilikuwa kwenye 50, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Anayezijua kaya za Kilolo au Mufindi haoni ajabu. Mtoto anashiba ugali, anashiba viazi, ila maharage, yai, maziwa na matunda anavipata kwa nadra, na mama yuko shambani tangu alfajiri, kwa hiyo mtoto analishwa mara mbili pale alipotakiwa kulishwa mara tano. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, zinapita hivyo, na kimo kilichopotea humo ni vigumu mno kurudi.

Mkurugenzi ni muuguzi mstaafu. Aliyaona hayo kwenye mizani ya kliniki miaka mingi, na alipostaafu akaanzisha shirika linalofundisha kina mama vijijini, kufuatilia watoto wenye uzito pungufu na kutengeneza unga wa lishe. Mwanzoni unga ulikuwa wa watoto wa mradi peke yao. Watu wa mjini wakaanza kuuulizia, ukaanza kuuzwa kituoni kwa shirika, kisha kwenye maduka ya Miyomboni, Mlandege na Kihesa. Ukapewa jina la mradi wa kujitegemea. Kila mfadhili aliyefika alielezwa kwamba siku moja unga ule utaliendesha shirika, na nina hakika mama huyu aliliamini kila neno alilolisema.

Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na katikati ya mwaka huo USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, likafungwa. Shirika letu halikuwa likipokea fedha hizo moja kwa moja. Zilipitia kwa shirika kubwa lililokuwa likitoa ruzuku kwa madogo. Barua ya kusitisha ilikuja kwa barua pepe. Zilibaki fedha za miezi michache, stoo yenye mahindi kidogo, na unga.

Kutoka ofisini kwenda stoo

Mhasibu alianza kama ambavyo mwandishi yeyote wa andiko angeanza. Aliomba kuona mapato ya unga ya mwaka uliopita, maana mfadhili mpya angeuliza shirika lenyewe linaingiza nini. Daftari la mauzo lilikuwapo, limeandikwa vizuri. Daftari la gharama za unga halikuwapo. Mahindi yalinunuliwa kwa fedha za ruzuku kwenye kifungu cha chakula cha watoto. Posho za mabinti wawili wanaotengeneza unga zilikuwa kwenye kifungu cha wahamasishaji, na mkaa ulikuwa kwenye matumizi ya ofisi. Hakuna aliyeiba hata senti, na hilo lazima lisemwe kwa sauti, kwa sababu neno “hesabu” likitajwa kwenye shirika watu huanza kutazamana. Kila shilingi ilikuwa na risiti. Ilichokosa ni kuitwa kwa jina lake.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi ninaouheshimu sana. Angeweza kujaza makadirio kwenye andiko na kuendelea. Muda wake ulikuwa mchache na mama alikuwa na haraka. Badala yake aliomba kukaa stoo siku ambayo unga unatengenezwa, akiwa na mizani, kalamu na kauntabuku mpya.

Binti wa stoo, aliyemaliza kidato cha nne na kuajiriwa pale kama msaidizi, ndiye aliyemwongoza. Mchanganyiko mmoja ulikuwa wa kilo 100: mahindi 60, soya 25, ulezi 15. Karanga walikuwa wameshaziacha, kwa sababu unga wenye karanga huchacha mapema na kwa sababu ya hofu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Kwa bei za mavuno, mahindi kwa shilingi 600 kilo yalikuwa 36,000, soya kwa 2,000 ikawa 50,000, ulezi kwa 2,000 ukawa 30,000. Jumla 116,000. Kukoboa na kusaga ni 12,000. Ofisini walikuwa wakigawanya 128,000 kwa kilo 100, wanapata 1,280 kwa kilo. Kituoni waliuza 2,500 na madukani 2,200. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa faida nono.

“Lakini kaka, kilo mia hazitoki pakiti mia,” binti akamwambia. “Zinatoka themanini, wakati mwingine pungufu.”

Alikuwa akilijua jambo hilo tangu alipoanza kazi. Kuna kilo kama 12 za pumba zinazobaki kwenye mashine, kuna mawe, makapi na punje mbovu zinazochambuliwa, na kuna unyevu unaotoka soya inapochemshwa, kukaushwa na kukaangwa, kazi isiyoweza kurukwa kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kusaga protini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimeona hali hii kwenye mashirika mengi kiasi kwamba sasa kila mtaalamu anayetaka kujitolea namwambia atafute kwanza nani anashika mzigo kwa mikono, ndipo aende kwa anayeshika kalamu.

Wakaendelea. Pakiti na lebo, shilingi 150 kila kilo, yaani 12,000. Mkaa wa kukaangia, 12,000. Mabinti wawili kwa siku mbili, kila mmoja 8,000 kwa siku, 32,000. Bajaji ya kwenda na kurudi mashineni, 8,000. Jumla yote ikafika 192,000. Ukigawanya kwa kilo 80 zinazotoka kweli, kilo moja inagharimu 2,400.

Kwa hiyo wakati wa mavuno, bei ikiwa rafiki kuliko wakati wote, kila kilo iliyouzwa kituoni iliingiza 100, na kila kilo iliyokwenda dukani ilipoteza 200. Februari, mahindi yakifika 1,000, gharama ilipanda hadi 2,700. Bei ya kuuzia haikuwa imebadilika. Kilo ya kituoni ilikula 200, ya dukani ilikula 500. Kwa mwezi walitengeneza michanganyiko sita, kilo 480. Kama 300 zilikwenda madukani na 180 zikauzwa kituoni, mwezi wa Februari peke yake ulimeza 186,000. Na hapo hujahesabu kukarabati mizani wala kodi ya stoo. Mwenye duka la kawaida angesema biashara inakula mtaji na angestuka ndani ya miezi miwili, kwa sababu mtaji ni wake. Hapa iliyoliwa ilikuwa ruzuku, na ruzuku ilikuwa ikijazwa kila robo mwaka.

Kulikuwa na jambo jingine, la mali kauli. Maduka yalichukua unga kwa neno, kulipa baada ya kuuza. Daftari la mauzo lilihesabu kilo siku zilipotoka stoo, na baadhi ya fedha hizo hazikuwahi kurudi.

Mama na simu yake

Sasa fikiria kazi ya kumweleza mkurugenzi. Ni mtu mzima, mwanzilishi, anayeheshimiwa mjini na kanisani, na unga ule ndio fahari yake. Wataalamu wengi hapa ndipo wanapoharibu. Wanaandika ripoti, wanaituma kwa barua pepe na nakala kwa bodi, kisha wanashangaa kwa nini hawapigiwi tena simu. Shirika hili lilikuwa tayari na mpango mkakati mnene wa Kiingereza ulioachwa na mgeni mmoja aliyejitolea miaka ya nyuma, kazi ya mtu mwenye nia njema na elimu ya juu, nao ulikuwa kwenye kabati na jalada lake halijapinda.

Kijana alikwenda Jumamosi na kauntabuku, na aliomba binti wa stoo awepo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Andiko limefika wapi?”

“Linakuja mama. Naomba kwanza tupige hesabu ya kilo moja ya unga. Wewe ushike simu, mimi na dada tutakusomea risiti.”

Mama akazidisha na kujumlisha mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, risiti moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye posho alisita.

“Hizo si za unga, baba. Hizo ni za mradi, analipa mfadhili.”

“Ni kweli mama. Na mwezi ujao atalipa nani?”

Akaziingiza. Namba ya 2,400 ilipotokea alirudia hesabu yote tangu mwanzo, bila kuambiwa. Kisha akamgeukia binti: “Na wewe ulijua ni themanini?”

“Nilijua mama. Nilidhani mnajua.”

Alichokisema mama baada ya hapo nilikisikia kutoka kwa wote watatu kwa namna ile ile: “Mimi nimepima watoto maisha yangu yote. Mtoto akipungua gramu mia mbili nilikuwa najua mwezi uleule. Unga huu sikuupima.”

Kumwachia mama simu kulikuwa na uzito kuliko CPA. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Utaalamu ulikuwa katika kujua gharama zipi ni za bidhaa hata kama zimeandikwa kwingine, na katika kuhakikisha kwamba mwenye uamuzi anaufikia ukweli kwa vidole vyake, ndani ya nyumba yake, bila mashahidi wa kumwaibisha. Kama angeambiwa kwenye kikao cha bodi angejitetea, na angekuwa na haki.

Kilichobadilishwa

Bodi ilikutana Machi. Mjumbe mmoja alipinga vikali kupandisha bei: shirika la watoto maskini litauzaje unga ghali? Hoja yake ilikuwa ya kweli na ilistahili jibu la kweli. Afisa mauzo mmoja, dada anayefanya kazi kwenye kampuni ya vinywaji, alijitolea siku moja tu kuzunguka madukani na kuuliza nani ananunua. Walikuwa watumishi, wafanyabiashara, wazazi wa mjini wenye mshahara. Mama wa kijijini Kilolo, ambaye shirika lilianzishwa kwa ajili yake, hakuwa mteja wa duka la Miyomboni. Aliyekuwa akipewa nafuu ya 200 mpaka 500 kwa kila kilo ni mwenye uwezo, kwa fedha iliyotolewa kwa jina la mtoto aliyedumaa.

Baada ya hapo maamuzi yalikuja haraka. Unga wa biashara na unga wa watoto vikatenganishwa: kauntabuku mbili, na kila kilo inayokwenda kwa mtoto inaandikwa kama gharama ya huduma kwa bei yake halisi, ili mfadhili aombwe hiyo waziwazi. Bei ikawa 3,000 kituoni na 2,700 madukani, kwa fedha taslimu. Mali kauli ikafutwa. Pumba, zilizokuwa zikiachwa mashineni bure, zikaanza kuuzwa kwa wafugaji wa nguruwe. Si fedha nyingi, ila ni ya kwao.

Jambo lenye tija kubwa kuliko yote lilikuwa kununua mahindi Julai na Agosti. Kila mkazi wa huku anajua bei inavyokwenda: mavuno yakimwagika sokoni mahindi hayana thamani, na kuanzia Januari yanapaa. Shirika, lililozungukwa na wakulima, lilikuwa likinunua kila mwezi kwa bei ya mwezi huo kwa sababu ruzuku ilikuja kwa robo mwaka na bajeti haikuruhusu kununua ya nusu mwaka kwa mkupuo. Yaani utaratibu uliowekwa kulinda fedha ndio uliokuwa ukiipoteza. Mhasibu alipiga hesabu: mahindi kilo 360 kwa mwezi, kwa miezi sita ni kilo 2,160, gunia 22 za kilo mia. Kwa 60,000 gunia, ni 1,320,000, na mifuko isiyopitisha hewa 22 kwa 5,000 ni 110,000. Kwa 1,430,000 tu, mwezi wa bei ya juu ungeokoa 144,000 kabla ya kutoa bei ya mifuko, na gharama ya kilo ya unga mwezi Februari ingebaki karibu 2,440 badala ya 2,700. Sharti ni mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kufungwa, vinginevyo mfuko unahifadhi ukungu, na ukungu kwenye unga wa mtoto ni hatari kuliko hasara yoyote. Wakaazima kipima unyevu kwa afisa kilimo wa kata.

Fedha ya mtaji huo ingetoka wapi? Mjumbe alitaja mkopo unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, lakini huo ni wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, shirika haliingii. Suala likaachwa wazi mpaka Mei.

Mhasibu alitaka kuwawekea kompyuta yenye jedwali la kukokotoa kila kitu. Binti wa stoo hakuwa na kompyuta, na ya ofisi ilikuwa ya mama. Wakabaki na kauntabuku yenye safu saba, zilizochorwa kwa rula na binti mwenyewe, na karatasi moja ukutani inayoonyesha jinsi ya kupata gharama ya kilo. Kwa michanganyiko ya mwanzo walijaza pamoja. Kisha binti akajaza peke yake na mhasibu akapitia. Kisha mhasibu akawa anatumiwa picha ya ukurasa kwa simu. Kufikia Mei picha hazikutumwa tena, kwa sababu hakukuwa na swali.

Alichokataa

Kabla Machi haijaisha mama alimletea ombi jingine, na hili linastahili kuzungumzwa kwa uwazi kwa sababu kila mhasibu anayejitolea atakutana nalo. Shirika lilikuwa limechelewa kuwasilisha taarifa za mwaka kwa Msajili wa mashirika. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inadai taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, na mkaguzi wa nje ni gharama. “Wewe si una CPA, mwanangu? Tupigie muhuri.”

Alikataa kwa adabu na hakurudi nyuma. Kuwa na CPA hakumfanyi mtu mkaguzi. Anayekagua hesabu za watu lazima awe amesajiliwa kwa kazi hiyo na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi. Na hata angekuwa amesajiliwa, yeye ndiye aliyesaidia kuzipanga hesabu hizo, hawezi kugeuka na kujithibitisha mwenyewe. Muhuri wa namna hiyo unaweza kuligharimu shirika imani ya mfadhili na kumgharimu kijana taaluma yake. Alichofanya ni kukaa na mweka hazina, kuziweka risiti za miaka miwili katika mafaili ya kila mwezi, ili mkaguzi atakayelipwa amalize kazi kwa siku chache. Wakaguzi hutoza kwa muda, kwa hiyo mpangilio huo ulikuwa msaada wa fedha halisi.

Katika kupanga huko likajitokeza suala la kodi. Wajumbe kadhaa wa bodi waliamini kwamba shirika likishasajiliwa halidaiwi kodi yoyote. Usajili wa Msajili hautoi msamaha huo. Hadhi ya shirika la hisani hutolewa na Kamishna Mkuu wa TRA, mamlaka ya mapato, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kwa maombi, na hata ikipatikana, PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, inabaki palepale na inatakiwa kulipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kuuza unga madukani ni biashara hata kama faida yote inakwenda kwa watoto. Mhasibu hakulitatua hili. Aliandika maswali kwenye karatasi moja, akamsindikiza mweka hazina mpaka ofisi ya TRA, na mweka hazina ndiye aliyeuliza.

Karatasi iliyosainiwa

Nimeulizwa kama urafiki huu wote ungeweza kwenda bila maandishi. Sidhani. Siku ya kwanza tuliandika hadidu za rejea za ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na pande zote zikasaini. Zilisema kazi ni nini, nani wa shirika anafanya kazi bega kwa bega na mtaalamu, kwamba kitabu na faili haziondoki ofisini, kwamba nauli na chai analipa shirika ila posho hakuna, na kwamba kazi inakwisha mwisho wa Juni. Kazi ilipobadilika kutoka andiko kwenda gharama za unga, karatasi ikabadilishwa na kusainiwa upya. Kijana pia alimpa mwajiri wake taarifa, akapata ruhusa ya maandishi, kwa sababu mtu anayeshika hesabu za kampuni siku tano na za shirika siku ya sita anaweza kuulizwa.

Kipengele cha tarehe ya mwisho ndicho ninachokipigania kuliko vyote. Mtaalamu wa bure asiye na tarehe ya kuondoka anageuka mfanyakazi asiyelipwa, na binti wa stoo hapati nafasi ya kujifunza kwa sababu kaka yupo. Nimelibishania hili na wakurugenzi wengi. Wanaona ni ukatili kumwekea ukomo mtu anayejitolea. Mimi naona kinyume: ukomo ndio unaowalazimisha wote wawili kuuliza kila Jumamosi nani atalifanya hili Julai.

Na kwa upande wa mashirika, msiombe bidhaa. Mkiomba andiko mtaletewa andiko. Elezeni tatizo kama mnavyomweleza daktari maumivu, na mruhusu mtu aguse mahali penu pasipopendeza. Shirika hili lilifungua stoo yake, na hilo lilihitaji ujasiri mkubwa kuliko kuja Jumamosi.

Mambo yalivyokuwa hadi Agosti 2025

Mauzo yalishuka. Karibu nusu ya maduka yalikataa kulipa taslimu, na michanganyiko ikapungua kutoka sita hadi minne kwa mwezi. Mama aliumia, na kwa wiki chache alikuwa akimpigia kijana simu kumuuliza kama warudi kwenye bei ya zamani. Kituoni wateja walilalamika, wengi wakaendelea kununua. Kilo chache zilizouzwa sasa zilileta fedha, ambapo kilo nyingi za zamani zilikuwa zikiichukua.

Kikao cha Mei kilipofika kwenye suala la mtaji wa mahindi, wajumbe walikuwa na karatasi ya mhasibu yenye gunia 22. Binti wa stoo, aliyealikwa kwa mara ya kwanza kusoma taarifa yake, akasema hazihitajiki zote. Tunasaga mara nne siku hizi, alisema, kwa hiyo ni kilo 240 kwa mwezi, miezi sita ni 1,440, gunia 15 zinatosha. Pamoja na mifuko ni 975,000. Mhasibu alikuwepo na hakuongeza neno. Bodi ikakubali: sehemu itoke kwenye mauzo ya Aprili hadi Juni, iliyobaki wajumbe wachangie kama mkopo usio na riba, urudishwe Machi. Gunia 15 zilinunuliwa Julai kwa wakulima wa Kilolo, kwa mizani na bila lumbesa, yaani bila gunia la kujazwa kupita kipimo, jambo ambalo wauzaji walilifurahia.

Andiko liliandikwa Juni, la kurasa chache, likiomba fedha za ziara za vijijini na za unga wa watoto kwa gharama halisi ya kilo. Sehemu ya mapato ya ndani haikuahidi kwamba unga utaliendesha shirika. Ilisema utalipia posho za mabinti wawili na mkaa, na ikaambatanisha kurasa za kauntabuku. Majibu yalikuwa hayajatoka nilipozungumza nao mara ya mwisho. Madeni ya mali kauli yalikuwa bado kwenye daftari, na baadhi ya wenye maduka walisema wameshalipa. Mkaguzi alikuwa amepatikana kwa bei iliyopunguzwa, akitarajiwa kuanza Septemba, na mweka hazina ndiye aliyepangwa kukaa naye. Wakati huo nilikuwa natafuta mtu wa manunuzi kwa kazi fupi ya kuwasaidia kupata soya ya bei nzuri, maana kwenye kila mchanganyiko soya ilibeba 50,000 na bado walikuwa wakiinunua kwa rejareja.